Maluku kwa raha zako: mwongozo wa kufika visiwa ilikotoka karafuu

Mpemba akishuka Ternate, kisiwa cha Maluku nchini Indonesia, wakati wa mavuno, pua yake itajua alipofika kabla ya macho. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, kuku wanafukuzwa zisiparurwe, na bibi mmoja ameketi kivulini akichambua makonyo kama inavyofanywa Wete na Mkoani. Hapa ndipo mti ule ulipoanzia. Kwa karne nyingi karafuu ya biashara ilitoka katika visiwa vichache tu vya volkano vya Maluku ya kaskazini, na kungumanga ilitoka visiwa vya Banda peke yake. Mwaka 1770 Wafaransa waliivusha miche kwa siri hadi Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikafika Unguja. Yaliyofuata sisi wenyewe tunayajua.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyejaliwa uwezo, anayetaka safari ya hadhi, lakini hataki kupanga foleni ya kupiga picha Bali. Msimamo wangu nausema mapema: Maluku pesa yako iweke kwenye chombo na kwenye siku, usiiweke kwenye nyota za hoteli. Banda haina hoteli ya nyota tano, na ukiitafuta utavunjika moyo. Kinachopatikana ni bahari ya peke yako, ngome ya karne ya 17 usiyogombania na mtu, na nahodha anayekuuliza asubuhi, "Leo twende wapi?"

Hatua ya 1: Panga kwa pepo, likizo ifuate

Wengi hukosea hapa, nami nilikosea. Nilisoma kwamba Julai ni mwezi mzuri wa Indonesia, nikakata tiketi. Julai ni nzuri Bali. Ambon, mji wa kuondokea kwenda Banda, wakati huo ndiyo masika yenyewe, na Bahari ya Banda imechafuka. Nilikaa siku tatu katika chumba cha hoteli Ambon nikitazama mvua, boti ya Banda haikung'oa nanga, na siku ya nne nikageuza safari.

Mtu wa mwambao ana bahati, kwa sababu bahari ile anaweza kuielewa kwa elimu aliyokuwa nayo. Wenyewe husema *musim*, na sisi twasema msimu. Neno ni moja, limetoka kwa Waarabu na kuenda pande zote mbili za bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi yetu. Januari na Februari upepo hugeuka ukatoka magharibi, na mawimbi hurudi. Katikati ya misimu hiyo kuna kipindi cha bahari kutulia, wanachokiita *pancaroba*. Hicho ndicho maleleji yetu, na ndicho cha kusafiria: Machi hadi Aprili, au mwishoni mwa Septemba hadi Novemba.

Kama unapiga mbizi, chagua Septemba hadi Novemba. Ndipo makundi ya papa wenye vichwa vya nyundo huonekana katika Bahari ya Banda, na ndipo vyombo vingi vya kitalii huivuka. Kama huzami, Aprili inatosha.

Hatua ya 2: Amua utalala majini au nchi kavu

Kuna njia tatu za kuifanya safari hii kwa raha.

Ya kwanza ni kukodi phinisi nzima. Phinisi ni jahazi kubwa la milingoti miwili lililozaliwa Sulawesi ya Kusini, na mafundi wake wako Tana Beru, Ara na Bira, wilaya ya Bulukumba. Mwaka 2017 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Ukipita njia ya Makassar, tenga siku moja au mbili uende ufukweni Tana Beru. Utaona mbao za ubavu zikiungwa kwanza kwa vigingi vya mti, na mataruma yakitiwa baadaye, fundi akipima kwa jicho. Aliyewahi kukaa na mafundi wa Nungwi au Matondoni atajiona kama yuko kwa binamu zake. Phinisi za kitalii siku hizi zina injini, viyoyozi, vyumba vyenye choo ndani, mpishi, na mwalimu wa kupiga mbizi. Bei ya kukodi chombo kizima huanzia dola elfu kadhaa kwa usiku, na zile za juu kabisa hupita elfu kumi. Inasikika kubwa mpaka uigawe: familia mbili au marafiki wanane wanaosherehekea miaka kadhaa ya ndoa huweza kuibeba pamoja, na chakula kimo ndani.

Ya pili ni kununua chumba katika safari iliyopangwa ya wapiga mbizi, ya siku kumi hivi, mara nyingi ikianzia au kuishia Ambon. Ni nafuu kuliko kukodi chombo kizima, lakini ratiba si yako. Watu wanazama mara tatu au nne kwa siku, na usiyezama utachoka kukaa juu. Simshauri mtu wa fungate.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Panga chumba kizuri Banda Neira katika moja ya nyumba za wageni zilizojengwa kwa mtindo wa kale wa Kiholanzi, zenye baraza pana, nguzo nyeupe na vitanda vya besera. Kisha kodi boti na nahodha wako kwa siku zote utakazokaa. Jioni unarudi kwenye kitanda kisichoyumba, unatembea sokoni, unasikia adhana, unasalimiana na watu. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya phinisi. Anayetaka vyote viwili akae Banda siku tano, kisha apande phinisi siku nne.

Hatua ya 3: Kikague chombo kabla ya kutuma malipo ya awali

Mapambo ya chumba hayaelezi lolote kuhusu usalama wa baharini. Andika barua pepe na uulize haya, na usilipe mpaka ujibiwe moja moja: chombo kimejengwa mwaka gani na kilipandishwa nchi kavu kwa ukarabati lini, kina maboya ya uokozi ya kutosha watu wote pamoja na mabaharia, kuna simu ya setilaiti, oksijeni na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, usiku nani hubaki macho chombo kikiwa kimetia nanga. Waulize pia kama wanapata kibali cha *syahbandar*, mkuu wa bandari, kabla ya kila safari. Neno hilo utalisikia kila bandari, na ndani yake imo bandari yetu. Syahbandar akikataza kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa, kampuni nzuri hutii. Kampuni inayokuambia "tutaona namna" iache.

Omba pia sharti la kurudishiwa fedha au kubadilishiwa tarehe bahari ikichafuka, na liwe kwa maandishi.

Hatua ya 4: Makaratasi, afya, fedha

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Viza ya kufikia uwanjani ni rupia 500,000, ya siku 30, na huongezwa mara moja. Lakini si ya pasipoti zote, na orodha ya nchi hubadilika. Angalia tovuti rasmi ya uhamiaji ya Indonesia kwa pasipoti yako kabla ya kukata tiketi. Wenye pasipoti za Ulaya au Marekani hali kadhalika.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe mkononi, usiitie kwenye sanduku. Malaria ipo Maluku, hivyo mwone daktari kuhusu vidonge vya kinga. Tusijidanganye kwamba tumeizoea: kinga ya mwili hupungua kwa aliyeishi mjini miaka, au Muscat, au Toronto. Bima iwe inayotaja wazi kupiga mbizi na kusafirishwa kwa dharura, kwa sababu hospitali kubwa ya karibu na Banda iko Ambon, ng'ambo ya bahari.

Fedha taslimu toa Ambon au Ternate. Banda usitegemee mashine, usitegemee kadi. Dola za kubadilisha ziwe noti safi zisizokunjwa. Yenye alama ya kalamu hukataliwa.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Kutoka Dar es Salaam, Unguja au Nairobi njia nyepesi ni kupitia Dubai au Doha hadi Jakarta. Lala Jakarta usiku mmoja. Anayejaribu kuunganisha siku hiyohiyo hufika Maluku akiwa hoi, na ndege ya kwanza ikichelewa mnyororo wote hukatika. Kutoka Jakarta hadi Ambon ni kama saa tatu na nusu angani kwa ndege ya moja kwa moja. Nyingine hutua Makassar. Ternate nayo huendewa kutoka Jakarta au Makassar.

Ambon hadi Banda kuna njia tatu, na hakuna ya uhakika kwa asilimia mia. Boti ya mwendo kasi hutoka Tulehu na kuchukua kama saa sita, katika miezi ya bahari tulivu tu. Meli za Pelni, shirika la taifa, ni kubwa na zinastahimili mawimbi, lakini haziji kila siku na hujaa sana. Ndege ndogo ya abiria wachache huruka siku chache za wiki, na mizigo huwa kilo kumi hivi. Mabegi makubwa yaache Ambon. Ushauri wangu: enda kwa boti, na weka siku mbili za akiba kabla ya ndege yako ya kurudi Jakarta. Siku hizo mbili ndizo zitakazokulinda safari nzima.

Kuhusu saa, nina jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Maluku iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili. Kwa hiyo akrabu ya saa ya ukutani Banda inaelekea namba ileile ambayo Mswahili nyumbani anaitaja kwa mdomo: kule ikisoma 1 mchana, Unguja ni saa moja asubuhi. Huhitaji hesabu kumpigia mama simu. (Wa Bujumbura na Bukavu watoe moja.) Lakini ukipanga na mwenye boti, kumbuka wao huanza kuhesabu usiku wa manane: *jam tujuh pagi*, saa saba yao ya asubuhi, ndiyo saa moja yetu.

Hatua ya 6: Anzia Ternate, siku tatu

Ternate ni mlima wenye mji pembeni. Gamalama una mita 1,715, ni volkano hai, na mikarafuu imepanda ubavuni mwake. Mkodi dereva wa siku nzima. Barabara inazunguka kisiwa chote na huhitaji kukimbia. Muulize akupeleke kwenye mikarafuu ya ukoo wa Afo, mti wa kale ambao watu wa pale wanasema ndiko miche ya Wafaransa ilikotoka. Njia ya kupanda imo kivulini. Niliposhika gome la mmoja wa miti hiyo nilimkumbuka babu yangu aliyekuwa akiparaga mikarafuu ya Chake kwa kamba, akiamini mti huo ni wa kwetu tangu na tangu.

Ona jumba la Sultani, ona ngome za Tolukko na Oranje. Uwanja wa ndege una jina la Sultani Babullah, aliyewafukuza Wareno mwaka 1575. Watu wa Mombasa, ambao babu zao nao walipambana na Mreno, watamwelewa. Alasiri enda upande wa kusini wa kisiwa utazame Maitara na Tidore zikisimama majini. Mandhari hiyo ilichapwa nyuma ya noti ya rupia 1,000 iliyotoka mwaka 2000.

Siku inayofuata vuka Tidore kwa boti kutoka Bastiong, mwendo wa dakika kumi hivi. Meli zilizobaki za msafara wa Magellan zilifika hapo Novemba 1521, yeye mwenyewe akiwa ameshauawa Ufilipino, na mzigo wa karafuu uliopakiwa Tidore ndio Victoria, moja ya meli hizo, iliofika nao Hispania mwaka 1522. Leo ni kisiwa kimya, kina bustani nyingi na chai ya tangawizi.

Hatua ya 7: Banda, na usikae chini ya siku tano

Hapa polepole. Visiwa vya Banda ni vidogo: Banda Neira yenye mji, Banda Besar yenye mashamba, Gunung Api yenye volkano, na mbali kidogo Hatta, Ai na Run. Ukiingia bandarini asubuhi, Gunung Api iko mkono mmoja ikiwa imejichongea kama pia iliyopinduliwa, na ngome ya Belgica iko upande wa pili juu ya kilima.

Siku ya kwanza tembea mji kwa miguu. Anza kwenye kisima cha Parigi Rante. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki aliishambulia Banda ili kungumanga iwe ya Waholanzi peke yao. Wazee wa visiwa, walioitwa *orang kaya*, waliuawa kwa upanga. Kati ya watu wapatao 15,000 walibaki wachache mno, wengine walikimbia kwa mashua hadi visiwa vya Kei, na mashamba yakajazwa watumwa. Simama pale kwanza, kisha ndiyo uende kuzisifu nyumba nzuri za wenye mashamba. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya karafuu tunajua mashamba ya viungo yalilimwa kwa mikono ya nani.

Mtaa wa pili kuna nyumba aliyohamishiwa Mohammad Hatta. Yeye na Sutan Sjahrir waliwekwa Banda na Waholanzi kuanzia 1936 hadi 1942, wakawa wanafundisha watoto wa kisiwani. Hatta akaja kuwa makamu wa kwanza wa rais, Sjahrir waziri mkuu wa kwanza. Uwanja ulioshukia Jakarta una jina la Hatta.

Belgica panda saa kumi na moja jioni. Ina pembe tano, ilianza kujengwa 1611, na kutoka juu unaona visiwa vyote.

Siku ya mashamba vuka Banda Besar. Mikungumanga humea chini ya kivuli cha mikenari, miti mirefu sana yenye kokwa zinazoliwa, na hewa ya mle ndani ni baridi kama msikitini mchana. Mvunaji hutumia mti mrefu wenye kikapu kidogo na kucha nchani, uitwao *gai-gai*. Tunda likipasuka, basibasi huonekana nyekundu inayong'aa juu ya kokwa nyeusi. Aliyeijua basibasi kavu ya dukani tu atashangaa. Nunua kwa mkulima mwenyewe, bei asemayo mlipe.

Kupanda Gunung Api kunahitaji kuanza alfajiri, mita zake ni kama 650 lakini ni changarawe za volkano zinazoteleza. Vaa viatu vya kushika, chukua kiongozi, maji lita mbili. Mlima huu ulilipuka mwaka 1988, lava ikamwagika baharini. Juu ya lava hiyo matumbawe yameota kwa kasi iliyowashangaza wataalamu, na usiyezama unaweza kuyaona kwa miwani tu ukielea juu.

Run itengee siku nzima na bahari tulivu. Kwa Mkataba wa Breda wa 1667 Waingereza waliachia madai yao juu ya Run, na Manhattan, kisiwa cha New York, ikabaki mikononi mwao. Leo Run ni kijiji cha wavuvi na kungumanga. Mwambie nahodha akupitishe Ai mkirudi, mle chakula cha mchana ufukweni, kisha msimame kwenye ukingo wa mwamba ambako maji ya kijani hukatika ghafla yakawa buluu nzito. Hatta ibakishe siku ya mwisho. Ndipo nilipoona kasa watatu kabla sijaogelea mita hamsini.

Ukisikia kijiji kimeweka *sasi*, maana yake eneo la bahari au zao fulani limefungwa lisivunwe mpaka muda ufike, kama vijiji vyetu vinavyofunga miamba ya pweza. Mgeni hana ruhusa ya kuvunja, hata kwa kulipa.

Hatua ya 8: Kula, kusema, kukaa na watu

Ternate na Banda ni Waislamu kwa wingi, kwa hiyo chakula halali si tatizo na mavazi ya heshima mjini yanapendeza. Kibla kiko magharibi, kaskazini kidogo. Ambon ina Waislamu na Wakristo, na iliumizwa na vita vya ndani kati ya 1999 na 2002. Msikilize anayetaka kusimulia, usimchokonoe asiyetaka.

Kula *papeda*, uji mzito unaovutika wa sagu, wanga wa shina la msagu, pamoja na samaki wa mchuzi wa manjano. Hautafunwi, humezwa. Banda omba biringani la mchuzi wa kenari, na asubuhi mkate na jamu ya nyama ya tunda la kungumanga. Ambon kunywa *kopi rarobang*, kahawa ya tangawizi yenye kenari juu, inafanana na kahawa ya barazani kwetu.

Lugha isikutie hofu. Dunia ni *dunia*, bendera ni *bendera*, sabuni *sabun*, meza *meja*, nahodha *nakhoda*, riziki *rezeki*. Watu wakikuuliza "apa kabar?" umeshasikia habari ndani yake. Mwanamume mtu mzima mwite *Pak*, mwanamke mtu mzima *Ibu*, kabla ya kumwomba lolote.

Hatua ya 9: Kuondoka

Rudi Ambon siku mbili kamili kabla ya ndege ya Jakarta, kama nilivyosema. Bahari ikiwa imekupa nafasi, siku hizo zitumie kula samaki wa kuchoma na kupumzika. Kungumanga na basibasi ulizonunua ziwe kavu kabisa, zifunge kwenye karatasi kwanza halafu mfuko, na uziseme kwa afisa wa karantini uwanjani. Mbegu mbichi na miche usibebe.